Kimya Si Ridhaa: Kitabu cha Simu Kisichoombwa na Upotevu wa Karatasi

1. Utangulizi

Kwa zaidi ya miaka mia moja kitabu cha simu kilikuwa miongoni mwa vitabu vilivyochapishwa kwa wingi mno duniani, nacho kilikuwa na sifa moja isiyo ya kawaida: wengi wa waliokipata hawakukiomba. Katika miji ya Marekani na ya Ulaya kililetwa hadi mlangoni kila mwaka, kikaachwa hapo, na aliyeletewa akabaki na kazi ya kukiweka au kukitupa. Mwanzoni kilingojewa kwa hamu. Mwishoni, namba zilipoanza kutafutwa kwa njia nyingine, kiligeuka mzigo. Ndipo ulipozuka mjadala juu ya mtu asiyekitaka: afanye nini ili asiletewe tena? Na je, ni haki kumtaka yeye afanye lolote?

Makala haya yanakusudia kueleza mjadala huo. Kwanza yataonyesha kitabu hicho kilivyoanza na kilivyogeuka taka. Pili yataeleza njia zilizotumiwa kukipunguza, na mipaka ya kila njia. Tatu yatachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya suala hili, kwa kuwa maneno hayo yanabainisha jambo ambalo sheria za miji zilichelewa kulitambua. Mwisho yatarejea Katanga, na kugusia sababu ya kuhifadhi walau nakala moja ya kile ambacho wengi wanakikataa.

Msomaji wa Lubumbashi ana haki ya kuuliza jambo hili linamhusu nini. Vivyo hivyo msomaji wa Kasomeno, mahali inapogawanyika barabara itokayo Lubumbashi, tawi moja likielekea Kasenga kwenye mto Luapula na jingine likielekea Pweto kwenye ziwa Mweru. Huko shida ya miaka mingi ilikuwa kukosa simu yenyewe, wala hakuna aliyezidiwa na vitabu vya namba zake. Hata hivyo, swali lililo chini ya mjadala huu halina mpaka wa nchi: kati ya anayeleta na anayeletewa, ni nani mwenye wajibu wa kusema kwanza? Katika Katanga swali hilo limekuja kwa sura nyingine, lakini ni lile lile.

2. Asili ya kitabu cha simu

Orodha ya kwanza ya wateja wa simu inayojulikana ilitolewa New Haven, katika jimbo la Connecticut, Marekani, mwezi Februari 1878. Haikuwa kitabu. Ilikuwa karatasi moja yenye majina 50 ya watu, maduka na ofisi, tena bila namba yoyote, kwa sababu mpigaji alimtajia mtumishi wa mitambo jina la anayemtaka, naye akamwunganishia. Huko London orodha ya kwanza ilitoka mwaka 1880 ikiwa na majina 248. Wateja walipoongezeka hata mtumishi asiweze tena kuwakumbuka kwa majina, kila mmoja alipewa namba, na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuitumia simu vizuri bila orodha.

Jambo hili ni muhimu katika kuelewa yaliyofuata. Kitabu cha simu hakikuanza kama tangazo wala kama zawadi. Kilikuwa sehemu ya chombo chenyewe. Kumpa mtu simu bila kumpa orodha kulikuwa sawa na kumpa kufuli bila ufunguo. Kwa hiyo kampuni na mashirika ya simu yalimgawia kila mteja kitabu bila kumwuliza, na hakuna aliyeona ubaya. Kuwa na simu kulitosha kuwa ombi.

Baadaye kitabu kiligawanyika sehemu mbili. Kurasa nyeupe zilitaja watu kwa mpangilio wa alfabeti. Kurasa za manjano zilitaja biashara kwa aina ya kazi zao, na wenye biashara walilipa ili matangazo yao yaonekane makubwa kuliko ya wenzao. Uingereza ilianza kuwa na kurasa za manjano mwaka 1966 katika mji wa Brighton. Mgawanyiko huu ulibadili uhusiano mzima. Katika kurasa nyeupe anayehudumiwa ni msomaji. Katika kurasa za manjano anayelipa ni mtangazaji, na anachokinunua ni macho ya msomaji.

3. Kitabu kilivyogeuka taka

Mchapishaji wa kurasa za manjano alipata pesa zake kwa mtangazaji, na mtangazaji alitaka kujua kitabu kinaingia nyumba ngapi. Kadiri nakala zilivyokuwa nyingi, ndivyo bei ya tangazo ilivyoweza kupanda. Aliyeletewa hakulipa chochote, kwa hiyo hakuwa na njia ya kuonyesha kwamba hakitaki. Bidhaa nyingine hukoma kuletwa pale mnunuzi anapoacha kununua. Hii haikukoma, kwa sababu mnunuzi wake hakuwa yule aliyeipokea. Katika miji mingi ya Marekani hali ilizidi pale wachapishaji kadhaa waliposhindana, kila mmoja akileta kitabu chake katika nyumba ile ile.

Wakati huo huo haja ya kitabu ilikuwa ikipungua. Simu za mkononi zilihifadhi namba ndani yake zenyewe, na intaneti ikawa mahali pa kutafuta fundi, daktari na duka. Uchunguzi wa shirika la Gallup nchini Marekani ulionyesha kwamba kati ya mwaka 2005 na 2008 sehemu ya nyumba zilizotegemea kurasa nyeupe za namba za makazi ilishuka kutoka asilimia 25 hadi asilimia 11. Kwa maneno mengine, karibu nyumba tisa katika kila kumi zilikuwa zikiletewa kitabu zisichokitegemea.

Wachapishaji walijitetea kwamba karatasi yao ilitengenezwa kwa mabaki ya mbao za viwandani na kwa karatasi iliyokwisha kutumika, na kwamba kitabu kikuukuu chaweza kusagwa na kuwa karatasi tena. Utetezi huo una ukweli ndani yake, lakini haumalizi hoja. Karatasi ya kitabu cha simu ni nyembamba na nyuzi zake ni fupi, na nyuzi za karatasi huzidi kukatika kila zinaposagwa upya. Mgongo wa kitabu una gundi inayopaswa kutengwa. Aidha, kusaga karatasi hutumia maji na nguvu, na kulibeba gunia la vitabu kutoka kiwandani hadi mlangoni, kisha kutoka mlangoni hadi jalalani, kunahitaji magari na mafuta. Gharama ya safari hiyo ya pili haikumwangukia mchapishaji. Iliangukia halmashauri ya mji, yaani walipa kodi, pamoja na wale waliokuwa hawakitaki kitabu tangu mwanzo.

4. Njia zilizotumiwa kupunguza upotevu

Njia ya kwanza ilikuwa kuibadilisha orodha yenyewe. Ufaransa ilitangulia katika jambo hili. Ilipoanza kuandaa mtambo wake wa Minitel, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mojawapo ya sababu ilikuwa kuondokana na uzito na gharama ya vitabu vya simu vilivyokuwa vikinenepa kila mwaka. Mteja alipewa bure kifaa kidogo chenye kioo na vitufe, akatafutia namba humo. Minitel ilidumu hadi tarehe 30 Juni 2012. Hapa mtu hakuambiwa tu aache kitabu; alipewa kwanza kitu cha kushika mahali pake. Funzo hilo lilisahauliwa mara nyingi baadaye.

Njia ya pili ilikuwa kumruhusu mtu kujitoa. Kitabu kinaendelea kuletwa kwa wote, isipokuwa wale waliotoa taarifa kwamba hawakitaki. Mfano unaojulikana zaidi ni wa jiji la Seattle, Marekani. Mwaka 2010 baraza la jiji hilo lilipitisha sheria ndogo iliyowataka wachapishaji wa kurasa za manjano kupata kibali, kulipa ada kwa kila kitabu, na kuheshimu orodha ya watu waliojitoa, orodha iliyosimamiwa na jiji lenyewe. Ilianza kutumika mwaka 2011. Wachapishaji walikwenda mahakamani, na tarehe 15 Oktoba 2012 mahakama ya rufani ya shirikisho iliamua kwamba kitabu hicho, kwa kuwa kina taarifa pamoja na matangazo, kinalindwa na uhuru wa kusema na kuchapisha ulio katika katiba ya Marekani. Mahakama iliongeza kwamba jiji lingaliweza kutumia njia nyepesi zaidi, kama vile kuhimiza utaratibu wa kujitoa ulioanzishwa na wachapishaji wenyewe. Mwaka 2013 Seattle iliachana na sheria hiyo.

Njia ya tatu ni kinyume cha ile ya pili: hakuna anayeletewa isipokuwa aliyeomba. San Francisco ilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2011, lakini kesi ya Seattle iliizuia isipate kutumika. Kwa upande wa kurasa nyeupe mambo yalikuwa mepesi zaidi, kwa sababu wachapishaji hawakupata faida kubwa kwazo na wao wenyewe walitaka kuziacha. Mwezi Oktoba 2010 mamlaka ya huduma za umma ya jimbo la New York iliiruhusu kampuni ya Verizon iache kugawa kurasa nyeupe za makazi kwa wote, ikimpelekea yule tu atakayeomba. Majimbo mengine yalifanya vivyo hivyo. Nchini Uingereza kurasa za manjano zilichapishwa kwa mara ya mwisho mwaka 2019, na toleo hilo la mwisho liligawiwa Brighton, mji ule ule zilikoanzia.

Ulaya ilipanua hoja hii ikaigusa karatasi yote isiyoombwa. Tangu mwaka 2004 Wafaransa wengi hubandika katika masanduku yao ya barua kibandiko cha kukataa matangazo. Sheria ya Ufaransa ya tarehe 22 Agosti 2021 kuhusu hali ya hewa iliruhusu baadhi ya maeneo kujaribu utaratibu uliogeuzwa, yaani kibandiko kiwe cha kukubali, na asiyekuwa nacho asiletewe. Jiji la Amsterdam lilikuwa limekwisha kugeuza utaratibu wake tangu tarehe 1 Januari 2018. Wachapishaji wa matangazo walipinga, lakini mwaka 2021 Mahakama Kuu Kabisa ya Uholanzi iliupa ushindi upande wa jiji.

5. Hesabu ya kujitoa na hesabu ya kuomba

Tofauti kati ya njia ya pili na ya tatu yaweza kuonekana ndogo, lakini matokeo yake hayalingani. Chukuliwe mfano wa kubuni wa mtaa wenye nyumba 1,000, ambamo nyumba 110 zinakitegemea kitabu cha simu na nyumba 890 hazikitegemei. Katika utaratibu wa kujitoa, ikiwa nyumba moja tu katika kila kumi kati ya hizo 890 itachukua taabu ya kuandika na kutuma taarifa, nyumba 89 zitaondolewa katika orodha. Vitabu 911 vitachapwa, na 801 kati yake vitakwenda jalalani. Katika utaratibu wa kuomba, ikiwa wote wanaokihitaji wataomba, vitachapwa vitabu 110 tu na hakuna kitakachotupwa.

Hesabu hiyo inapendelea njia ya kuomba, lakini haijakamilika. Kati ya zile nyumba 110 wapo wazee, vipofu wanaosomewa na majirani, na watu wasio na intaneti. Hao ndio wanaokihitaji kitabu zaidi, na ndio wasiopata habari za mabadiliko upesi. Ikiwa nyumba 20 hazikusikia kwamba sasa kitabu huombwa, nyumba hizo zitaamka siku moja bila orodha ya zahanati wala ya fundi. Kwa hiyo kila utaratibu una watu wake wanaoumia kwa sababu ya kukaa kimya. Katika kujitoa, kimya huzalisha taka. Katika kuomba, kimya huzalisha upungufu. Mtunga sheria hana budi kuchagua ni kosa lipi lililo jepesi kurekebishwa, na hapa jibu ni rahisi: aliyekosa kitabu aweza kupelekewa kesho, lakini mti uliokatwa hausimamishwi tena. Sharti lake ni kwamba awepo mtu wa kwenda kuwauliza wale 20.

6. Suala la maneno: kuletewa, kujitoa, kuomba

Kiswahili kinaweza kulieleza suala hili kwa vitenzi vya kila siku, na umbo la vitenzi hivyo linafundisha. Neno "kuletewa" limejengwa kwa kauli ya kutendea na ya kutendwa kwa pamoja. Katika sentensi "Mzee aliletewa kitabu," mzee ndiye kiima, lakini hakutenda lolote. Hakuenda, hakunyosha mkono, wala hakusema. Sarufi inamweka mbele huku ikimnyima tendo. Hiyo ndiyo hali halisi ya mtu aliyekuta kitabu cha simu mlangoni pake.

"Kujitoa" nako kunadokeza jambo. Mtu hujitoa katika kitu ambacho tayari yumo ndani yake: hujitoa katika chama, katika mashindano, katika mkataba. Kumwambia mtu ajitoe katika orodha ya wanaoletewa vitabu ni kukiri kwamba aliingizwa humo na mtu mwingine. "Kukataa" ni tofauti, kwa sababu mtu hukataa alichoelekezewa, na kabla ya kukataa pana kuulizwa. "Kuomba" humpa mtu tendo la kwanza. Kwa hiyo mfuatano wa kuletewa, kujitoa, kukataa na kuomba unaonyesha hatua za mtu kurejeshewa kauli yake. Iwapo patahitajika istilahi, inafaa utaratibu wa pili uitwe "utaratibu wa kujitoa" na wa tatu "utaratibu wa kuomba," badala ya kuazima maneno yatakayohitaji kuelezwa tena.

Wapo watakaosema kwamba kimya ni ridhaa, na kwamba asiyejitoa amekubali. Msemo huo una mizizi katika desturi. Katika ndoa ya Kiislamu ya pwani, mwari anapoulizwa kama ameridhia kuozwa, haya yaweza kumzuia asiseme, na kimya chake hukubaliwa kuwa jibu. Lakini katika desturi hiyo kuna sharti lisilopaswa kusahauliwa: mwari ameulizwa. Kimya chake kina maana kwa sababu kimetanguliwa na swali. Mwenye nyumba aliyekuta kitabu mlangoni hakuulizwa na yeyote, kwa hiyo kimya chake si jibu la kitu chochote. Huenda amesafiri. Huenda hajui pa kupeleka neno lake. Huenda amechoka. Utaratibu unaokihesabu kimya hicho kuwa ridhaa unachukua tunda la desturi na kuacha shina lake.

7. Katanga: mahali ambapo kitabu hakikuletwa

Katika Kongo historia ya simu ilikwenda njia nyingine. Chini ya shirika la posta na simu la Zaire, nyaya za mijini ziliharibika pasipo kutengenezwa, na katika miaka ya 1990 simu ya waya ilikuwa imekwisha kuwa kitu adimu. Kampuni ya Telecel, iliyoanzishwa na Miko Rwayitare, ilianza huduma ya simu za mkononi mjini Kinshasa mwaka 1986, wakati simu hizo zilikuwa za matajiri na wakuu tu. Baada ya mwaka 2000 kampuni mpya ziliingia, bei ikashuka, na wakazi wa Lubumbashi wengi walipata simu yao ya kwanza wakiwa hawajapata kumiliki ile ya waya. Simu ya mkononi haikuja na kitabu. Namba hubadilika, kadi hununuliwa barabarani, na mwenye simu hapendi namba yake itangazwe. Orodha ikawa katika kumbukumbu ya kifaa na katika vichwa vya watu.

Hali kadhalika, karatasi haikuwa na nafasi ya kuwa taka upesi. Katika masoko ya miji ya Katanga na kando ya barabara zake, ukurasa wa daftari au wa kitabu chakavu hukunjwa kuwa koni ya kupimia karanga au kufungia maandazi. Karatasi huishi mara mbili kabla ya kutupwa. Mtu aliyezoea hali hii hushangaa kusikia kwamba kuna miji iliyotunga sheria ili watu wasiletewe vitabu bure. Mshangao huo ni wa haki, lakini usifiche kwamba kisichoombwa kiliingia Katanga kwa mlango mwingine.

Mlango huo ni mfuko wa plastiki. Mnunuzi wa nyanya nne hutiliwa katika mfuko bila kuulizwa, na mfuko hauna bei inayotajwa, kama vile kitabu cha simu kilivyokuwa hakina bei. Gharama huonekana baadaye, mvua inyeshapo na mitaro ikaziba. Serikali ya Kongo ilipiga marufuku utengenezaji, uingizaji, uuzaji na utumiaji wa mifuko ya plastiki kwa amri ya tarehe 30 Desemba 2017, mwaka ule ule ambao Kenya ilipiga marufuku yake mwezi Agosti. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019. Rwanda ilikuwa imetangulia mwaka 2008. Kongoni mifuko haikutoweka sokoni, na sababu mojawapo inafanana na ile iliyofanya Minitel ifaulu mwanzoni, ila kwa kinyume chake: palipokatazwa kitu, hapakutolewa kwa wingi wa kutosha kitu cha kushika mahali pake. Kikapu, koni ya karatasi na jani la mgomba vilikuwapo kabla ya plastiki, lakini amri peke yake haivirudishi mikononi mwa muuzaji.

Mlango wa pili ni simu yenyewe. Matangazo yaliyokuwa katika kurasa za manjano sasa huja kama ujumbe mfupi, usiku na mchana. Haya hayatumii karatasi, lakini yanaliibua swali lile lile la kujitoa. Sheria zimeanza kulijibu: Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022, na Kongo iliingiza suala hilo katika sheria yake kuu ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023. Nguvu ya sheria hizo itapimwa kwa jambo moja: kama mwenye simu wa Kasomeno, anayesoma Kiswahili na si Kifaransa, ataweza kuelewa namna ya kusema "sitaki," na neno lake likasikiwa.

8. Nakala moja ya kuhifadhi

Kupunguza karatasi kusichukuliwe kuwa ni kufuta kila karatasi. Kitabu cha simu kisichomfaa mwenye nyumba chaweza kumfaa mwanahistoria baada ya miaka hamsini. Ndani yake mna majina ya mitaa kabla hayajabadilishwa, kazi zilizokuwapo na zilizokwisha kufa, na orodha ya waliokuwa na simu. Orodha hiyo inaonyesha pia ni nani hawakuwa nayo, jambo lenye uzito mkubwa katika mji wa kikoloni kama Elisabethville, uliopata jina la Lubumbashi mwaka 1966.

Watafiti wa Kiswahili wanaujua uzito wa nakala iliyonusurika. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji huo kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, chini ya jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville. Ilikuwa kazi ya mashine ya kuandikia, isiyokuwa na mchapishaji mkubwa nyuma yake. Kwa kuwa nakala yake ilisalia, Johannes Fabian aliweza kuitoa pamoja na tafsiri na maelezo mwaka 1990, na leo ni miongoni mwa maandishi yanayotumiwa sana katika uchunguzi wa Kiswahili cha Lubumbashi. Kama nakala hiyo ingalifungiwa karanga, sauti ya watumishi hao ingalipotea pamoja nayo. Kitabu cha simu cha mji huo kingeorodhesha mabwana wao. Wao wenyewe majina yao yamo katika karatasi chache zilizoweza kutupwa siku yoyote.

Kwa hiyo busara ina pande mbili. Nakala elfu zinazoachwa milangoni bila kuombwa ni upotevu. Nakala moja iliyowekwa katika maktaba ya chuo kikuu au katika nyumba ya nyaraka ni akiba. Sheria ya kujitoa au ya kuomba ingepaswa daima kuwa na kifungu kinachoiagiza nakala hiyo moja ipelekwe mahali pa kuhifadhiwa, hata kama hakuna raia hata mmoja aliyeiomba.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kitabu cha simu kiligeuka taka siku mlipaji na mpokeaji walipoacha kuwa mtu mmoja, na kwamba njia ya kujitoa hupunguza taka kidogo kwa kuwa inauhesabu ukimya wa watu wasioulizwa kuwa kibali. Njia ya kuomba ni bora, mradi wale wenye uhitaji wasiosikika watafutwe na kuulizwa, na mradi kitolewe mbadala kabla ya kuondolewa kilichozoeleka. Yameonyesha pia kwamba Katanga, ingawa haikuletewa vitabu hivyo, inalo swali lile lile sokoni na katika simu za mkononi. Muuzaji wa nyanya akimwuliza mnunuzi "nikutilie katika mfuko?" kabla ya kuufungua, atakuwa ametenda jambo ambalo miji mikubwa ilihitaji sheria na mahakama ili kulifikiria. Swali hilo halina gharama, na aliyeulizwa, hata akinyamaza, kimya chake kitakuwa kimepata maana.